MILA NA SHERIA: KISASI CHA DAMU KWA WACHECHEN

  

Wanafunzi wapendwa, katika Fiqhi tumesoma kwamba mila ya watu huzingatiwa maadamu haipingani na Sheria. Wengi wenu mkisikia neno mila hufikiria mambo ya harusi na ngoma tu. Leo tuitazame kanuni hii kwa ndugu zetu Wachechen, kwani kwao mila iligusa uhai wa mtu.

Wachechen wanaishi kaskazini ya milima ya Kaukazi, ndani ya Urusi. Wenyewe hujiita Nokhchi. Ni Masunni, na madhehebu yao ni ya Imam Shafi (R.A.), kama sisi huku pwani. Uislamu uliwafikia taratibu, hasa kupitia majirani zao wa Dagestan, ukaimarika katika karne ya 18 na ya 19. Kabla ya hapo walihukumiana kwa ada za koo. Mfalme hawakuwa naye. Ukoo huitwa teip, na mtoto wa kiume hufundishwa majina ya babu zake saba. (Jaribuni nyinyi, muone mtafika babu wa ngapi!)

Nyingi katika ada hizo ni njema. Kijana husimama anapoingia mzee. Wanaume wakipigana, kisha mwanamke akavua mtandio wake na kuutupa kati yao, ni aibu kubwa kuendelea. Mgeni hulakiwa kwa maneno yenye maana ya "njoo ukiwa huru", na anayeondoka huwaambia wenyeji "kaeni mkiwa huru", kwani katika lugha yao uhuru na salama ni neno moja.

Kuhusu mgeni, kuna kisa kinachosimuliwa milimani huko kwa namna mbalimbali. Mtu ameua, anakimbia, usiku anabisha hodi nyumba asiyoijua na kuomba hifadhi. Mwenye nyumba anamkaribisha, anamlisha. Punde wanafika watu na maiti: aliyeuawa ni mwana wa mwenye nyumba yule yule. Wenye kumfukuza muuaji wanauliza kama amepita hapo. Mzee hamtoi. Alfajiri anamsindikiza mpaka nje ya mpaka wake na kumwambia: hapa ugeni wako umekwisha, kimbia, maana tukikutana tena nitakuua.

Kisa hiki hupendwa kwa sababu ya ukarimu wake. Mimi naomba mtazame maneno ya mwisho. Mzee ameweza kumvumilia muuaji wa mwanawe usiku mzima, lakini kusamehe ada haikumfundisha. Kisasi cha damu kwa Kichechen huitwa ch'ir, nacho hakifi kwa kupita miaka. Wanawake, watoto na wazee hawaguswi, lakini ndugu wa kiume wa muuaji wanaweza kulipa kwa kosa wasilolitenda. Hapo ndipo ada ilipogongana na Sheria.

Sheria haikuidharau damu. Imempa walii wa aliyeuawa haki, na mambo matatu ya kuchagua: qisasi kupitia kwa kadhi, au fidia yaani diya, au kusamehe. Lakini haimruhusu kumgusa asiyeua, wala kujichukulia hukumu mkononi. Katika Hija ya kuaga, mwaka wa 10 Hijria, Mtume (S.A.W.) alizifuta damu zote za Jahiliya zilizokuwa zikidaiwa, na ya kwanza kuifuta ilikuwa ya jamaa yake mwenyewe, mtoto wa Rabia bin al-Harith. Alianza nyumbani kwake!

Wanavyuoni wa Kaukazi walihangaika sana na jambo hili. Imam Shamil, aliyeongoza vita dhidi ya Warusi hadi mwaka 1859 na akafa Madina mwaka 1871, alitaka hukumu za kadhi zichukue nafasi ya ada. Wakati wake huo huo akatokea mchungaji mmoja wa Kichechen, Kunta Haji, aliyeleta tarika ya Qadiriya na zikri ya sauti ya duara, ile ile tarika tunayoijua huku kwetu. Watu walikuwa wamechoka kwa vita; yeye akawaita kwenye subira, wasameheane damu na waache kisasi. Warusi waliogopa wingi wa wafuasi wake. Walimkamata Januari 1864, na akafa mbali na kwao mwaka 1867.

Tangu zamani ilikuwepo njia ya suluhu, na wanavyuoni wakaishika. Wazee na mashekhe huwaendea jamaa wa aliyeuawa, pengine mara nyingi, pengine kwa miaka. Wakikubali, siku hupangwa. Wanaume wa upande wa muuaji huja kwa wingi, wameinamisha vichwa, kimya. Muuaji ameacha nywele na ndevu ziote, na kichwa kimefunikwa. Husimamishwa mbele ya mwenye damu, naye humfunua na kumnyoa. Hebu fikirini mkono wa baba ulioshika wembe shingoni mwa aliyemuua mwanawe. Akimaliza kunyoa, damu imesamehewa, na hakuna anayeruhusiwa kuirudia.

Msidhani yamekwisha. Tarehe 23 Februari 1944 serikali ya Kisovieti iliwakamata Wachechen wote na kuwapeleka Asia ya Kati, na hawakuruhusiwa kurudi hadi mwaka 1957. Ada zao walikwenda nazo na kurudi nazo. Baada ya vita viwili vilivyoanza mwaka 1994 na 1999, damu za kudaiwa ziliongezeka, na mwaka 2010 serikali ya Chechnya ikalazimika kuunda tume ya kusuluhisha koo, wakiwemo wanavyuoni.

Wanafunzi wa madarasa ya juu, kabla ya somo lijalo someni aya ya 178 ya Suratul Baqara na aya ya 33 ya Suratul Israa, kisha muandike: yule mzee wa kisa chetu, lipi alilifanya kwa mujibu wa Sheria, na lipi alilikusudia kinyume chake? Wallahu a'lam.