SOMO: KURUDI KAZINI BAADA YA MSHTUKO WA MOYO



Mlinzi wa jengo la ghorofa pale mjini, anayekodi chumba Kangemi, akipata mshtuko wa moyo ana shida mbili: moyo wenyewe, na kodi ya mwisho wa mwezi. Ndiyo maana wengi hurudi kazini mbio na kumficha bosi ugonjwa. Hiyo ni hatari.

1. Moyo unataka muda
Msuli wa moyo ulioumia huchukua wiki kadhaa kupona. Wa kukaa ofisini anaweza kurudi mapema. Wa mkokoteni au mjengo hungoja zaidi. Anza kwa kutembea kidogo kila siku. Ukishindwa kuongea ukitembea, punguza mwendo. Dawa usiache eti umepata nafuu. Kifua kikibana, jasho likutoke na pumzi ikatike, usingoje asubuhi: enda hospitali. Rais Eisenhower wa Marekani alishikwa na moyo Septemba 1955, akarudi kazini polepole, na mwaka 1956 akachaguliwa tena.

2. Barua ya daktari
Usitosheke na karatasi ya kusema umepona. Omba ieleze kazi unayoweza: kwa mfano, kukaa getini badala ya kupanda ngazi, au zamu ya mchana badala ya usiku. Mpe mwajiri, na wewe ubaki na kopi.

3. Sheria inasema nini
Sheria ya Ajira ya 2007 inampa aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara kila mwaka, akileta cheti cha daktari. Mkataba waweza kutoa zaidi. Na kifungu cha 41 chasema hufutwi kwa sababu ya udhaifu wa mwili kabla ya kuelezwa sababu kwa lugha unayoelewa na kusikilizwa, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama. Kwa hivyo ukiambiwa tu “enda ukapumzike nyumbani”, usitie sahihi chochote haraka.

4. Sisi jirani
Siku 14 haziponyi moyo. Hapo ndipo mchango wetu unahitajika, ili mgonjwa asirudi kubeba mzigo kwa sababu ya kodi. Pia tumtembelee, woga na huzuni humpata mara nyingi.

Maswali ya kujadili
– Nani kati yetu yuko nyumbani kwa ugonjwa, na kodi yake inalipwa na nani?
– Nani anaweza kumsindikiza akienda kuongea na mwajiri?