Stempu za Chakula Marekani: Chokoleti Ipi Inapita?

Tangu tarehe 1 Januari 2026, kuna majimbo ya Marekani ambako soda hailipiwi tena kwa msaada wa chakula wa serikali. Tunajibu maswali ya wasomaji, hasa wenye ndugu huko.

Msaada huo ni upi?

Unaitwa SNAP, ingawa wengi bado husema stempu za chakula, jina la sheria ya 1964. Kila mwezi fedha huingia kwenye kadi ya EBT. Mwaka 2024 watu wapatao milioni 42 waliitegemea.

Kwani zamani mtu alinunua chochote?

La. Pombe, sigara, sabuni na nepi havikuwamo. Chakula cha moto nacho hakimo: kuku wa kuokwa akiwa bado wa moto hanunuliki kwa kadi, ila akipozwa na kuwekwa kwenye friji, ruksa.

Mabadiliko yalianzaje?

Jimbo huomba kwa Wizara ya Kilimo kibali cha kuzuia bidhaa fulani. Minnesota iliomba mwaka 2004, jiji la New York mwaka 2010, zote zikakataliwa. Mei 2025 Nebraska ikawa ya kwanza kukubaliwa, kwa soda na vinywaji vya kuongeza nguvu.

Mpaka unawekwa wapi?

Hapo ndipo penye kazi. Iowa imefuata orodha ya kodi: chakula kinachotozwa kodi ya mauzo hakilipiwi kwa kadi. Na kwa sheria hiyo ya kodi, chenye unga hakihesabiwi kuwa peremende, ambayo hutozwa kodi. Basi chokoleti yenye biskuti ndani inapita, ya karanga isiyo na unga inarudishwa rafuni. Wa kuyaeleza hayo ni keshia, huku foleni ikirefuka.

Wenye kadi ndio wanywaji wakubwa wa soda?

Ripoti ya wizara ya 2016 ilionyesha kaya za SNAP zikitumia asilimia 9.3 ya fedha za chakula kwa vinywaji vyenye sukari. Kaya nyingine, asilimia 7.1. Tofauti ipo, lakini si ya mbingu na ardhi.

Pana njia nyingine?

Ipo. Katika kaunti ya Hampden, Massachusetts, mwaka 2011 hadi 2012, kila dola iliyonunua matunda au mboga zilizolengwa ilirudisha senti 30 kwenye kadi. Ulaji wa vyakula hivyo ulizidi kwa asilimia 26. Aliyekatazwa soda bado anaweza kuinunua kwa fedha taslimu. Zile senti 30 ziliongeza mboga sahanini, na hazikumwaibisha mtu kwenye foleni.