KUHAMISHA PICHA KATIKA KOMPYUTA



Kompyuta ya chama chetu cha picha ilijaa, nami nikatumwa nihamishie picha zote katika diski ya nje. Nikafanya kwa haraka. Kazi ilipofika nusu nikajikwaa katika waya, diski ikachomoka. Picha za wenzetu waliomaliza mwaka uliopita, zilizokwisha kuvuka, hazikufunguka tena. Na kule zilikotoka zilikuwa zimekwisha kufutwa. Basi jifunzeni kwa kosa langu.

Kwanza, ndani ya diski moja, kuhamisha ni kubadili anwani tu. Lakini toka diski hii hata ile, kompyuta hunakili, kisha hufuta. Kwa hiyo nakili, usihamishe.

Pili, linganisha idadi ya faili na ukubwa wake pande zote mbili, kisha fungua picha kadhaa za mwanzo, za kati na za mwisho. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, diski iliyoandaliwa kwa mtindo wa FAT32 haipokei faili moja yenye GB 4 au zaidi. Filamu ndefu ya michezo itakataliwa.

Nne, iamuru kompyuta iiachie diski kabla hujachomoa waya.

Hapo ndipo ufute zile za zamani, tena umwage pipa la takataka la kompyuta, maana kabla ya hapo nafasi hairudi.

Mwisho, weka nakala ya pili mahali pengine. Nanyi mliomaliza, mwenye picha za mwaka ule na atuletee.