Mpako wa Bodi ya Pikapu Kabla ya Mvua za Masika

Mpako wa kupuliza ni tabaka la plastiki gumu lenye kunyumbuka kidogo. Hupulizwa ndani ya bodi ya pikapu likiwa majimaji, kisha hukauka likiwa limegandamana na chuma. Huzuia mizigo isikwaruze rangi, na huzuia maji yasifike kwenye chuma. Huko Kuresoi, katika Kaunti ya Nakuru, hiyo kazi ya pili ndiyo nzito. Kutoka Mau Summit na Kamara hadi Keringet na Olenguruone, nchi iko juu zaidi ya mita 2,000, baridi ni nyingi na mvua hainyeshi kwa uchache. Bodi iliyolowa asubuhi huweza kushinda mbichi hadi jioni. Juu ya unyevu huo humwagika DAP na CAN kutoka kwenye magunia yaliyotoboka. Mbolea hizi ni chumvi: hunyonya maji, huyeyuka, na maji yake hula chuma haraka kuliko mvua tupu. Samadi ya kuku iliyoachwa kwenye kona za bodi haina huruma pia.

Mipako iliyo sokoni ni ya aina mbili kubwa. Poliurea huchanganywa kutoka kwa kemikali mbili zinazopashwa moto na kusukumwa kwa shinikizo kubwa. Huganda kwa sekunde chache, na fundi huweza kuipandisha hadi unene wa milimita tatu au zaidi. Huhitaji mashine ya bei ghali, hivyo si kila karakana inayoifanya. Aina ya pili ni poliurethani ya kuchanganya kwenye chupa au mkebe, ambayo fundi wa rangi wa kawaida huipuliza kwa kompresa au kuipaka kwa rola. Hii ni nyembamba zaidi, mara nyingi chini ya milimita moja. Kwa pikapu inayobeba mitungi ya maziwa na magunia machache ya kabeji, inatosha. Kwa ile inayopakiwa mawe na mchanga msimu wa ujenzi, haitoshi, na ni afadhali mwenye gari asubiri hadi apate fedha za aina ya kwanza.

Hata hivyo, tofauti kubwa ya ubora haiko kwenye mkebe. Iko katika matayarisho ya chuma, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Mpako uliopulizwa juu ya kutu hauizuii kutu, huificha. Maji hupenya pembeni au kwenye tobo dogo, hukwama chini ya tabaka ambalo haliyaachi kukauka, na chuma huoza kimyakimya hadi sakafu ibonyee chini ya gunia. Bodi ya pikapu ya zamani ikaguliwe kwanza kwa kuigonga kwa nyundo ndogo, hasa kwenye maungio, chini ya mlango wa nyuma na kuzunguka boliti. Panapolia sauti ya bati bovu, pakatwe na kuchomelewa kipande kipya. Kisha rangi ya zamani isuguliwe kwa msasa hadi mng'ao uishe, mafuta yote yaondolewe kwa kitambaa na kemikali ya kusafishia rangi, na chuma kilicho wazi kipakwe praima. Matundu ya kutolea maji yazibwe kwa muda tu. Fundi akiyafunika na mpako, bodi hugeuka bwawa. Karakana inayoahidi kumaliza bodi chakavu kati ya chakula cha mchana na saa kumi imeamua kuruka hatua hizi.

Kwa wakulima wa viazi kuna uamuzi mwingine ambao wauzaji hawautaji: ukali wa uso wa mpako. Uso wenye chembe kubwa huzuia mzigo usiteleze kwenye miteremko ya Olenguruone, na mitungi ya maziwa hutulia mahali pake. Lakini uso huohuo huchana magunia ya wavu yanapoburutwa, na huchubua viazi vilivyomwagwa bila gunia, hasa vya aina ya Shangi vilivyovunwa kabla ngozi haijakomaa. Kiazi kilichochubuka hupoteza maji na hufungua njia ya kuoza. Chembe za wastani ndizo zinazofaa, na magunia yainuliwe badala ya kuburutwa. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50, uzito ambao watu wawili huubeba bila shida.

Uso usio mkali sana pia huosheka. Ugonjwa wa viazi uitwao mnyauko bakteria huishi kwenye udongo, na udongo husafiri kwa magurudumu, majembe na bodi za magari. Pikapu iliyobeba viazi vya kula kutoka shamba lenye ugonjwa isipakie mbegu safi kesho yake kabla ya kuoshwa. Udongo wote utolewe kwanza kwa maji na brashi, kwa sababu dawa ya klorini kama Jik hupoteza nguvu ikikutana na tope. Ndipo dawa iliyochanganywa na maji inyunyizwe, iachwe kidogo, kisha isuuzwe. Klorini hula chuma kitupu. Juu ya bodi iliyopakwa vizuri hatari hiyo hupungua sana. Kwa mkulima anayechukua mbegu iliyothibitishwa kutoka shirika la serikali la ADC huko Molo, faida hii peke yake inafaa kuwekwa kwenye hesabu.

Asiyetaka mpako ana njia nyingine. Beseni la plastiki linalotumbukizwa ndani ya bodi ni rahisi kuweka, ila mchanga na maji huingia chini yake na kusaga rangi, na mizigo huteleza juu yake. Mkeka mzito wa mpira ni bora kwa bajeti ndogo, mradi utolewe kila wiki na chuma kikaushwe. Bamba la alumini hustahimili mawe, lakini hupiga kelele na lazima kingo zake zizibwe.

Kazi ya kupuliza ifanywe Januari au Februari, kabla mvua za masika hazijaanza Machi. Poliurethani ikikutana na unyevu kabla ya kukauka hutoa gesi na kujaa vipovu, na umande wa asubuhi wa Kuresoi unatosha kufanya hivyo. Chuma kiwe kikavu na kimepata joto la mchana. Kemikali za isosianati zilizomo huweza kusababisha pumu, hivyo fundi avae barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba na watoto wakae mbali. Baada ya kupuliza, gari lipumzishwe bila mzigo kwa muda ulioandikwa kwenye mkebe, na siku za baridi muda huo uongezwe. Tobo likitokea baadaye, lisuguliwe na kuzibwa kwa mpako wa aina ileile kabla ya mvua inayofuata.