SOMO LA ROBO HII: KUZUNGUMZA NA WANAFUNZI KUHUSU KAZI YAKO

Sharika zetu zina wauguzi, mafundi, maafisa ugani, mafundi cherehani na wahasibu. Shule zetu zina watoto wengi ambao wakiulizwa kazi wanazozijua hutaja nne tu: ualimu, unesi, uaskari na udereva. Somo hili linahusu namna ya kuwakutanisha.

Tunaanza na kosa letu wenyewe. Mara ya kwanza tulipoalikwa katika shule moja ya msingi, tuliwaeleza wanafunzi wa darasa la sita habari za bajeti, upembuzi yakinifu na taarifa za robo mwaka. Waliokaa nyuma walianza kusinzia. Tulipouliza kama kuna swali, binti mmoja alisimama akasema, "Shikamooni. Kwa hiyo ninyi mnafanya kazi gani?" Darasa zima lilicheka. Tulirudi nyumbani tumenyamaza.

Mara ya pili tulimpeleka fundi bomba wa mradi wa maji ya mserereko. Hakutaja cheo. Aliweka ukingoni mwa meza chupa ya plastiki yenye matundu matatu, moja juu ya jingine, akaijaza maji. Watoto waliona wenyewe kwamba tundu la chini ndilo linalotoa maji kwa nguvu zaidi. Akauliza, "Basi tangi la kijiji tulijenge bondeni au mlimani?" Wote walijibu kwa sauti moja.

Kisha akawatoa nje hadi kwenye koki ya shule iliyokuwa ikivuja tangu muhula uliopita. Walikinga maji kwa dakika moja wakapata mililita 100. Wakapiga hesabu: lita 6 kwa saa, lita 144 kwa siku, yaani zaidi ya ndoo 7 za lita 20. Yule binti akauliza, "Msichana naye anaweza kuitengeneza?" Fundi alifunga maji, akampa spana. Alifungua koki, akatoa washa iliyokwisha, akaweka mpya. Maji yalipofunguliwa tena, koki haikuvuja.

Kutokana na siku hizo mbili tumejifunza haya:

1. Anza na kitu, si na cheo. Beba kifaa cha kazi ambacho mtoto anaweza kukishika bila hatari.

2. Unganisha na masomo yao. Muulize mwalimu wanasoma nini sasa. Hesabu ya koki iliwaonyesha kwamba kuzidisha na kugawanya kuna kazi nje ya daftari.

3. Tumia muda vizuri. Katika kipindi cha dakika 40, sema kwa dakika 10, onyesha kwa 15, na zinazobaki ziwe za maswali.

4. Sema ukweli. Fundi wetu aliwaambia kwamba huitwa usiku wa mvua kufukua bomba, na kwamba kipato si sawa kila mwezi. Usiahidi ajira wala ufadhili usioweza kuutoa.

5. Onyesha njia. Mtoto asiyeendelea na masomo asidhani maisha yameishia hapo. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, vipo kwa ajili hiyo. Mitaala iliyoanza kutumika Januari 2024 nayo imeleta mkondo wa amali katika sekondari. Mzungumzaji aulizie kwanza chuo kilicho karibu: sifa za kujiunga, ada na muda wa mafunzo.

6. Linda watoto. Pata kibali cha Mwalimu Mkuu, na mwalimu awepo darasani muda wote. Usiombe wala kutoa namba za simu, usitoe zawadi kwa mtoto mmoja mmoja, na usipige picha bila ruhusa. Wanafunzi ni wa dini zote. Siku hiyo tumekwenda kuzungumzia kazi.

Ndugu wafadhili, mnatusaidia kujenga matangi na kulaza mabomba. Lakini koki iliyokosa washa huweza kumwaga maji muhula mzima kwa sababu tu hakuna aliyefundishwa kuibadilisha. Mtoto aliyeshika spana leo anaweza kuwa mtunzaji wa mradi kesho, na gharama yake ilikuwa washa moja na nauli ya fundi.

Maswali ya kujadili katika kamati:
(a) Katika mitaa ya usharika wetu, ni nani wenye ujuzi ambao hatujawahi kuwaomba waende shuleni?
(b) Je, orodha yetu ina wanawake wenye kazi za ufundi?
(c) Tutakwenda shule ipi muhula ujao, na nani ataonana na Mwalimu Mkuu?

Tunaomba kila usharika utuletee majina mawili kabla ya toleo lijalo.