Kumtafuta babu katika kitabu kisichomtaja

Ukifungua saraka ya zamani ya Nairobi au Mombasa ukitarajia kuliona jina la babu yako, utaifunga upesi. Babu hayumo. Saraka za enzi ya ukoloni, vile vitabu vinene vinavyoorodhesha wakazi, maduka, ofisi na masanduku ya posta, zilitungwa kwa ajili ya walowezi na wafanyabiashara. Mzungu aliandikwa pamoja na cheo chake, Mhindi aliandikwa kama ana duka, na Mwafrika aliyewapikia, kuwafulia na kuwabebea mizigo hakuandikwa popote. Hata hivyo nazipenda. Habari za babu mzaa mama nimezipata zaidi kwa msaada wa saraka hizi kuliko kwa karatasi yoyote yenye jina lake, maana karatasi hizo zenyewe ni za kuhesabu.

Siri ni kutoanza na babu. Anza na mwajiri wake.

Kama familia yenu imebahatika kuhifadhi kipande, ile karatasi ya kuandikishwa, kazi imekuwa nyepesi. Sheria ya kuandikisha Waafrika nchini Kenya ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na kutoka hapo mwanamume alitembea na karatasi yake ndani ya kikopo cha bati, imebeba alama za vidole, jina la mwajiri, tarehe za kuanza na kuacha kazi, na mshahara. Lilikuwa jambo la kudhalilisha, na wazee walilichukia kwa haki. Kwa mtafiti wa leo, lile jina la mwajiri ndilo mlango.

Kipande cha babu yangu kilishapotea. Tulichobaki nacho ni kauli ya nyanya kwamba mumewe alifanya kazi "kwa Mhindi wa mabati, Viktoria Stiriti". Usiidharau kauli ya namna hiyo. Ina mtu, ina bidhaa, ina barabara. Saraka kwa kawaida huwa na orodha ya majina na pia orodha ya biashara kwa aina zake: mafundi cherehani, wauza vifaa vya ujenzi, mawakala wa meli, wapiga picha. Wengi hukimbilia majina. Mimi huanza na biashara, kwa sababu kumbukumbu za nyumbani hushika bidhaa kuliko jina. Nyanya hakuwahi kulitamka jina la huyo Mhindi, lakini mabati hakuyasahau. Nikachukua wauza vifaa vya ujenzi wote, nikabakiza wa Victoria Street peke yao, na orodha ikawa fupi ya kutosha kufanyiwa kazi.

Barabara nazo zina mitego. Victoria Street ya Nairobi ndiyo Tom Mboya Street ya leo. Government Road ni Moi Avenue. Hardinge Street ni Kimathi Street. Kenyatta Avenue iliwahi kuitwa Sixth Avenue, kisha Delamere Avenue, na mtaa wa Indian Bazaar ndio Biashara Street. Kwa Mombasa, Salim Road ni Digo Road na Kilindini Road ni Moi Avenue, kwa hiyo ukiandika "Moi Avenue" kwenye daftari lako taja na mji. Dar es Salaam, Acacia Avenue iligeuka Independence Avenue kabla ya kuwa Samora, na Kichwele Street ikawa Uhuru Street. Andika jina la zamani na la sasa pamoja tangu siku ya kwanza. Mabadiliko haya pia yanasaidia kukadiria umri wa karatasi isiyo na tarehe: risiti yenye anwani ya Tom Mboya Street haiwezi kuwa ya kabla ya 1969, mwaka aliofariki Mboya.

Majina ya Wahindi na ya Waarabu yanataka subira zaidi. Aliyeitwa kwa jina lake na la baba yake anaweza kupangwa chini ya herufi ya lolote kati ya hayo mawili, kutegemea karani. Mwenye "bin" katikati hali kadhalika. Hata tajiri mkubwa hakusalimika: Alidina Visram, ambaye maduka yake yalitapakaa kutoka pwani hadi Uganda kabla ya kifo chake mwaka 1916, utamkuta na "l" moja mahali fulani na mbili mahali pengine, na shule ya Mombasa yenye jina lake inatumia mbili. Kama yeye hivyo, mwenye kiduka cha mabati je? Tafuta Mohamed, Muhammad na Mahomed. Tafuta Hassan na Hasan. Kisha utafute jina la kampuni, kwa kuwa duka mara nyingi lilibeba jina la babu wa mwenye duka.

Saraka ya kuanzia kwa Afrika Mashariki ni ile inayojulikana kama Red Book, iliyochapwa na East African Standard. Toleo la 1912 linahusu Kenya ya wakati ule, Uganda na Zanzibar; ya baadaye yalibeba miaka miwili kwa pamoja, kama 1922–23 na 1930–31. Habari za saraka hukusanywa mapema kuliko mwaka ulioandikwa kwenye jalada, hivyo duka linaweza kuwa limefungwa wakati kitabu kinatoka kiwandani. Usitoe hukumu kwa toleo moja. Duka likiwemo katika moja na kukosekana katika lifuatalo, umepata muda wa kuuchunguza, na hapo ndipo Gazeti Rasmi la Serikali linapoingia. La Kenya lilianza 1899 na matoleo yake mengi yanasomeka bure kwenye Google Books. Humo kuna notisi za mirathi, za kuvunjika kwa ubia, za hati za ardhi zilizopotea. Ubia wa mwenye mabati ulivunjwa kwa notisi ya mistari michache, na notisi hiyo ndiyo iliyonipa namba ya kiwanja. Viwanja vya mjini Nairobi vina namba zinazoanza na 209, basi ukiona L.R. 209 na mkwaju baada yake, inakili yote bila kuacha tarakimu.

Kwa miaka ya baadaye, kitabu cha simu kinachukua nafasi ya saraka, na hapo nashauri uangalie S.L.P. kuliko simu yenyewe. Kwetu barua haziletwi mlangoni. Sanduku moja lilihudumia tajiri, makarani wake, wapishi, na jamaa wote wa huko bara walioandika barua "kwa mkono wa" fulani. Ukiwa na bahasha ya zamani yenye namba ya sanduku, pitia kitabu cha simu cha miaka ileile umtafute mwenye namba hiyo. Kazi ya kuchosha macho, nakubali. Ila hakikisha miaka inalingana, kwa sababu sanduku huhama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine.

Vitabu vyenyewe utavikuta Nairobi katika Nyaraka za Taifa, ndani ya lililokuwa jengo la Bank of India pale Moi Avenue, au Maktaba ya McMillan. Zanzibar kuna Nyaraka za Taifa Kilimani. Dar es Salaam, ulizia mkusanyo wa Afrika Mashariki kwenye maktaba ya Chuo Kikuu.

Ukishapata ukurasa wako, usiishie kuupiga picha. Panga maduka ya barabara moja kwa kadiri namba zinavyofuatana, kisha msomee mzee aliyeijua mitaa hiyo, polepole, duka kwa duka. Nilimsomea mama mkubwa, ambaye kwa miaka yote alisisitiza kwamba hakumbuki chochote. Nilipofika kwa mwuza baiskeli, akanikatiza: hapo ndipo babu alipokuwa akiacha ujumbe Jumamosi, kwa fundi mmoja wa kwao ambaye baadaye alimwoa shangazi yetu. Kisa hicho cha fundi hatukuwahi kukisikia. Sasa ninatafuta ubatizo wa watoto wake, na nimeanza na parokia iliyo karibu na mtaa wa Pumwani.