Ubongo Unaobashiri, na Mlango Ambao Sikuufungua



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Misugusugu. Nyumba yetu haiko mbali na Barabara ya Morogoro. Malori yanapita usiku kucha na sisi wenyeji hatuyasikii tena, mgeni ndiye asiyelala. Usiku mmoja, saa sita imeshapita, mdogo wangu akagonga mlango. Sauti nzito, maneno yanaburuzika, hata jina langu analikatia katikati. Nikajua tu: kalewa tena. Kwa miaka miwili alikuwa amenizoesha hivyo. Nikamwambia kwa ukali alale huko huko nje, nikageukia ukuta.

Alfajiri mama alimkuta barazani anatetemeka, mwili unawaka. Zahanati wakampima: malaria. Pombe alikuwa hajaigusa kwa wiki tano, ila hakumwambia mtu, kwa kuwa alijua hakuna wa kumwamini. Amepona, Mungu ashukuriwe. Lakini mimi usiku ule nilisikia nini? Nawaambia kweli, sikudhani tu kwamba amelewa. Niliusikia ulevi wenyewe kwenye ile sauti.

Niliporudi seminarini nilifungua tena madaftari yangu ya falsafa. Mjerumani Hermann von Helmholtz, katika kitabu chake kuhusu macho kilichokamilika mwaka 1867, alisema kuona ni aina ya kukisia: macho yanaleta habari pungufu, akili inakamilisha bila sisi kujua. Mwaka 1999 Rajesh Rao na Dana Ballard walionyesha kwa mahesabu namna hilo linavyoweza kufanyika. Sehemu za juu za ubongo zinatuma chini ubashiri wa kinachokuja, na sehemu za chini zinarudisha juu tofauti tu, yaani pale ubashiri ulipokosea. (Nikisema ubashiri msianze kufikiria mikeka yenu.) Leo wapo kina Karl Friston wa London na mwanafalsafa Andy Clark wanaoona kwamba karibu kazi yote ya ubongo iko hivyo. Ndiyo maana konda akimeza nusu ya maneno, wewe unasikia jina la kituo chako zima zima.

Kuna kisa cha jirani zetu wa Kongo mashariki ninachokipenda. Mwanaanthropolojia Colin Turnbull alikichapisha mwaka 1961. Rafiki yake Kenge, Mmbuti wa msitu wa Ituri, alikuwa amekulia mahali ambapo miti inazuia macho yasifike mbali. Turnbull akampeleka kwenye mbuga ya wazi, na kwa mbali sana nyati walikuwa wanakula majani. Kenge akauliza, hao ni wadudu gani? Alipoambiwa ni nyati alicheka. Gari liliposogea na “wadudu” wakazidi kukua, alihisi kuna uchawi. Ni kisa cha mtu mmoja, si jaribio la maabara, lakini tusimcheke. Kanuni ambayo macho yake yaliitumia ilikuwa imemlisha maisha yake yote msituni.

Tatizo basi si kubashiri. Bila hivyo usingevuka hata barabara. Wataalamu wanasema kila mara ubongo unapima: kosa hili nilipe uzito gani? Linibadilishe, au nilipuuze kama kelele? Mdogo wangu alisema, “Kaka, nasikia baridi.” Pwani, mwezi wa kwanza, nani anasikia baridi? Lile ndilo kosa la ubashiri lililonigongea mlango. Nikaliweka kwenye fungu la maneno ya mlevi.

Kuna aliyeniuliza kwenye kipindi cha vijana: basi Mungu naye si ubashiri tu wa ubongo? Nilimjibu kwa nyati wa Kenge. Walikuwepo mbugani muda wote, wakubwa vile vile, kabla macho yake hayajawazoea. Namna ninavyofikia kujua kitu haiamui kama kitu kipo au hakipo. Na nadharia yenyewe ina maswali yake. Kama ubongo unataka tu kuepuka kushangazwa, mbona hatujifungii kwenye chumba chenye giza tukatulia? Friston na Clark wamelijibu hilo, kwamba kiumbe hai kinatarajia pia kula na kutembea. Jibu zuri, ila mimi naona halifiki hadi kwa mtu anayeacha kwao kwenda kuhudumia wagonjwa asiowajua.

Sasa fungueni Luka 24:13-35. Wale wawili wa njia ya Emau wanazungumzia tumaini lao kama jambo lililokwisha pita. Wanawake walishaleta habari ya kaburi tupu. Habari hiyo wanayo, wanaisimulia wenyewe, na bado wanaendelea kuondoka Yerusalemu! Sisemi Luka aliandika sayansi ya ubongo. Nasema tu kwamba walichokuwa wanakiita tumaini kilikuwa karibu zaidi na ubashiri: Masiha ni wa namna hii, msalabani hafi. Ubashiri unahesabu yaliyopita, ukikosea unakata tamaa au unakataa kuona. Tumaini linamtegemea mtu, si hesabu. Maria Magdalena naye (Yn 20:15) alikuwa anatafuta maiti, kwa hiyo aliyesimama mbele yake akawa mtunza bustani, hadi alipoitwa kwa jina.

Kwa wiki hii, katika kutafiti dhamiri kabla ya kulala, ongezeni swali moja: leo nani alifanya kitu nisichokitarajia kwake, na mimi nilikipa uzito gani?

Mdogo wangu ameniruhusu niandike haya. Alipomaliza kusoma aliniuliza kitu kimoja tu: “Na ningekuwa nimelewa kweli, kaka, ungenifungulia?” Bado sijamjibu.